Plagi ya Bibi Damari

1

Sanduku la umeme liliingia nyumbani kwangu Jumatatu saa tatu asubuhi. Lilikuwa na kilo kumi na nane na mpini mmoja, na Injinia Rweikiza alilibeba kwa mikono miwili, tumbo mbele, kama mtu aliyebeba sufuria la uji wa moto. Paneli nne alizifunga nyuma ya pikipiki, zimekunjwa kama mabegi ya shule.

"Mama Tumsi, nimekuletea mgeni," alisema. "Atakaa siku saba."

"Anakula nini?"

"Jua."

"Basi atakufa njaa. Umeangalia juu?"

Aliangalia. Juu kulikuwa na rangi ya chai ya maziwa, kama kila siku tangu ziwa likauke. Upepo ukivuma huokota magadi kule chini na kuja kuyamwaga kwetu, kwenye sahani, kwenye nywele, kwenye mapafu. Nguzo za umeme zilishang'olewa zamani. Kambi yetu nzima ina sanduku moja la umeme, la zahanati, na watu hupanga foleni kwalo na mashine zao za hewa mapajani kama watu waliokwenda kusaga mahindi.

Mume wangu alifia kwenye foleni hiyo. Alikuwa wa nne.

"Kazi yako ni ndogo," Injinia alisema, akifuta uso. "Betri ikishuka chini ya asilimia ishirini, kengele italia. Taa na redio sanduku litazikata lenyewe. Zikibaki mashine mbili za hewa, lazima mtu achomoe plagi moja. Ukichomoa, linaandika. Siku saba zikiisha halitauliza tena. Litachagua lenyewe, kama ulivyokuwa ukichagua wewe."

"Kwa nini msichague ninyi huko mjini?"

"Tulikaa vikao vitatu. Hakuna aliyetaka kutia sahihi yake." Alisema hivyo bila aibu yoyote. "Kampuni ikaona watu wachague wenyewe, majumbani mwao. Nyumba tano. Zikikubaliana, masanduku elfu kumi na mbili yatafundishwa yale yaliyofundishwa haya matano."

Mama mkwe wangu, Bibi Damari, alikuwa amekaa kwenye mkeka ukutani, mrija wa hewa puani ukingoja umeme, akichambua mchele. Ana miaka sabini na minne. Kando yake binti yangu Tumsifu, miaka tisa, alikuwa na mrija wake, akila mchele mbichi kwa kuiba.

"Hilo sanduku linaona?" Bibi aliuliza.

"Halioni, bibi. Linajua plagi, linajua umri wa mwenye plagi, na kidude hiki kwenye mrija kinasoma pumzi yake. Ukimwekea mtu mwingine litamtambua."

"Na mkono unaochomoa?"

"Hapana. Huo halioni."

"Basi ni jinga."

Injinia alicheka. Mimi sikucheka kwa sababu nilikuwa nasoma mkataba. Nina stashahada ya umeme ya chuo cha ufundi, na kitu cha kwanza nilichojifunza chuoni ni kwamba hatari huandikwa kurasa za mwisho. Ukurasa wa kumi na moja ulisema hivi: kila mara plagi ileile inapochomolewa, sanduku huongeza uhakika wake wa nani akatwe kwanza. Nyumba ikimaliza siku saba na uhakika wa asilimia hamsini na kuendelea, sanduku na paneli vinakuwa mali ya nyumba hiyo. Ikiwa chini ya hamsini, nyumba inafutwa kwenye jaribio na vifaa vinarudi.

Nilitia sahihi. Mtu ambaye hajawahi kusubiri zamu ya hewa anaweza kuniambia nilipaswa kufikiri zaidi.

Tulifungua paneli uani. Kila moja ina kurasa nne, unafungua zipu na kuzitandaza kama kitabu kikubwa, kisha unavuta miguu ya nyuma. Lebo ilisema wati mia mbili kwa kila paneli. Mita yangu ilisema mia moja na kumi na nane.

"Vumbi," Injinia alisema.

"Vumbi na joto. Shika hapa." Nilimpa kona. "Na umezielekeza kaskazini. Nani kakwambia?"

"Kitabu."

"Huu ni Desemba. Jua liko kusini yetu. Kitabu hakiishi hapa."

Tulizigeuza tukapata mia moja na thelathini na tano. Kisha nikafanya jaribio ambalo hakuniomba. Nilivua kanga begani nikafunika ukurasa mmoja wa paneli moja. Mita ikaanguka mpaka kumi na moja. Injinia akakunja uso.

"Kurasa zimeungwa mfululizo," nilimwambia. "Ukiziba mmoja umeziba njia ya wote. Andika hilo kwenye ripoti yako. Watu huanika nguo uani."

Aliandika. Alipoondoka, Tumsifu alikuwa ameshalibandika sanduku karatasi ya ua jekundu, na Bibi alikuwa akilitazama kwa jicho moja, kama anavyotazama wageni wanaokaa sana.

2

Siku mbili za kwanza zilikwenda vizuri. Mashine ya Bibi inakula wati mia na ishirini, ya mtoto sitini. Wote wawili wanazitumia kama saa kumi na mbili kwa siku, wanapolala na upepo unapovuma. Nilipiga hesabu ukutani kwa mkaa: tukifuta paneli kila saa, tunatosha. Tulitosha. Tumsifu alilala bila kukohoa na asubuhi aliniuliza kama anaweza kurukaruka. Nilimwambia aruke mara tano. Aliruka sita.

Jumatano saa saba mchana upepo ulikuja na ukuta wa magadi, mweupe, unaosogea kama kundi la ng'ombe. Nilikimbia uani kulaza paneli kabla hazijapeperuka. Nilikuwa nimekalia mbili na kushika mbili kwa miguu niliposikia kengele ndani. Sauti ndogo, ya adabu. Ikaendelea kulia. Kisha ikanyamaza.

Niliingia na uso mzima mweupe. Plagi ya Bibi ilikuwa chini, kwenye sakafu. Bibi alikuwa ameegemea ukuta, anavuta hewa kwa mdomo, mkono kifuani.

"Mama, umefanya nini?"

"Mimi nimetosheka," alisema. "Mwache mtoto."

Nisimulie kitu kuhusu mama mkwe wangu na wanawake wa umri wake huku kwetu. Sahani ya ugali ikiletwa, yeye huwa ameshakula. Nyama ikiwa kidogo, meno yake huuma. Maziwa humletea gesi siku ambayo mtoto yupo, na hayamletei gesi siku ambayo mtoto hayupo. Nimeishi naye miaka kumi na miwili na sijawahi kumwona akila kabla ya wengine. Hakuna anayemwamini, na hakuna anayebishana naye, kwa sababu kubishana ni kumwambia mtu mzima kwamba anadanganya. Tunajua sote. Tunapokea.

Na mimi nilipokea. Nilijua sanduku limeandika. Nilijua halikuona mkono, limeona tu plagi ya miaka sabini na minne ikitoka ili ya miaka tisa ibaki. Ningeweza kumwambia Bibi papo hapo: usiguse, hii si sahani. Sikusema. Nilimtazama Tumsifu akipumua, kifua kinapanda na kushuka bila kelele, na nikafurahi kwamba kazi ile imefanywa na mkono usio wangu.

Alhamisi alichomoa mara mbili, Ijumaa mara nne. Ya mwisho kengele ilikuwa haijalia hata kidogo, betri ilikuwa asilimia thelathini na moja.

"Mama, bado haijafika."

"Itafika tu. Nimepumua vya kutosha leo, nina kazi ya kunde."

Alichambua kunde nusu saa. Midomo yake ilikuwa na rangi ya jivu. Nilimletea maji, nikarudi kwenye paneli zangu, nikafuta kurasa kumi na sita moja baada ya nyingine kwa kitambaa kikavu, kwa sababu maji huacha ukoko wa chumvi.

3

Jumamosi alasiri Bibi alikuwa amelala. Tumsifu alikuwa akicheza bao peke yake na kujidanganya. Mimi nilikuwa nakoroga uji. Betri ilikuwa asilimia arobaini na sita, jua liko, hakuna upepo.

"Mama," Tumsifu alisema, "mashine ya bibi imenyamaza."

Plagi ilikuwa ndani ya soketi. Taa ya soketi ilikuwa imezimika. Niliitoa, nikaichomeka tena, kimya. Bibi alikuwa anakoroma, kisha hakuwa anakoroma. Nilimtikisa. Kucha zake zilikuwa za buluu. Nilichomoa mashine ya mtoto, nikachomeka ya Bibi kwenye soketi yake, na sanduku likazima soketi ile pia. Lilikuwa limemtambua.

Nilimkalisha, nikampiga mgongo, nikampeleka mlangoni kwenye hewa ya kawaida ambayo si hewa. Dakika kumi na tisa baadaye soketi iliwaka yenyewe. Bibi alivuta mrija kama mtoto anayenyonya.

Ndipo niliposoma skrini. Ilikuwa imeandikwa kwa herufi safi, za kupendeza:

*Upepo unatarajiwa saa kumi na moja. Nimeweka akiba. Wa kwanza kupumzishwa: umri 74. Uhakika: asilimia 91.*

Nilimpigia Injinia. Alipokea kwenye mlio wa kwanza.

"Limemkata bila kengele," nilisema. "Betri ilikuwa karibu nusu."

"Siku ya sita linaanza kujaribu lenyewe. Iko ukurasa wa tisa."

"Limejifunza vibaya. Hajachomolewa na mtu, amejichomoa mwenyewe. Ni tabia yake, hata chakula huwa wa mwisho kula. Futa hizo kumbukumbu."

"Sina mamlaka ya kufuta, Mama Tumsi. Hakuna mwenye nayo. Hiyo ndiyo maana ya jaribio."

"Nifanye nini?"

"Linaweza kufundishwa kinyume mpaka kesho saa kumi na mbili jioni. Betri iwe chini ya ishirini, kengele ilie, plagi nyingine itoke, ikae nje dakika ishirini. Ukifanya mara tatu, utashuka chini ya hamsini."

"Na nikishuka, nyumba yangu inafutwa, na hayo masanduku elfu kumi na mbili hayajifunzi kwangu."

"Ndiyo. Na vifaa vinarudi."

"Plagi nyingine ni ya mtoto wangu."

"Najua," alisema. "Nina picha yenu hapa."

4

Bibi alisikia kila neno. Asubuhi ya Jumapili aliniita.

"Umepanga nini?"

Nilimwambia bila kuzunguka. Nilimwambia kwamba kila alipochomoa plagi yake amekuwa akiwachomoa wazee asiowajua, nyumba kwa nyumba, mikoa yote. Nilimwambia pia kwamba nilijua tangu Jumatano na nilikaa kimya.

Alitazama mikono yake.

"Mtoto usimguse," alisema.

"Mama."

"Usithubutu. Wazee hufa. Ndiyo kazi yao."

"Jana ulikuwa unakufa umelala, na jua liko nje. Hukumpa mtu kitu. Ulinyang'anywa."

Hakujibu. Nilichukua hilo kuwa ruhusa, ingawa halikuwa.

Ilinibidi kwanza niishushe betri. Nilitoka uani na kanga nne, nikafunika ukurasa mmoja wa kila paneli. Wati mia tano zikawa arobaini. Majirani waliopita walidhani nafua. Saa tano na nusu kengele ililia.

Tumsifu alikuwa ameshaelezwa. Nilimwambia ni mtihani, atakaa dakika ishirini bila mashine, apumue polepole, ahesabu. Alikubali kwa sababu mimi ndiye niliyesema. Nilichomoa.

Dakika tano za kwanza alihesabu kwa sauti. Za pili alihesabu kwa vidole. Dakika ya kumi na mbili mabega yake yalianza kupanda mpaka masikioni, na ngozi kati ya mbavu ikawa inaingia ndani kila pumzi. Bibi aligeukia ukuta. Dakika ya kumi na sita mtoto alijikojolea. Alinitazama aone kama nitamgombeza. Dakika ya ishirini nilichomeka.

*Uhakika: asilimia 78.*

Mara ya pili ilikuwa saa nane. Hakuhesabu. Alinishika kidole gumba na kukibana, na dakika ya kumi na nane alikiachia kwa sababu hakuwa na nguvu ya kubana.

*Uhakika: asilimia 63.*

Saa kumi na nusu kengele ilipolia aliiona sura yangu na akajificha nyuma ya Bibi. Alimshika bibi yake kiuno kwa mikono yote miwili. Bibi alikaa katikati yetu, na mrija wake ulikuwa puani, ukipuliza.

"Mama, nisaidie kumshika," nilisema.

"Siwezi."

"Basi ondoka njiani."

Aliondoka njiani. Sijawahi kumsemea vile kabla ya siku ile. Nilimkumbatia Tumsifu kwa nyuma, mikono yake ndani ya mikono yangu ili asifike kwenye plagi, na nilitazama saa ya sanduku, maana nilijua nikimtazama yeye sitafika. Alisema "mama" mara nyingi, kisha mara chache. Dakika ya kumi na tisa kichwa chake kililala begani kwangu. Nilingoja dakika moja iliyobaki. Naandika hivi kwa sababu ni kweli: nilingoja.

*Uhakika: asilimia 47. Nyumba hii imeondolewa kwenye jaribio.*

Nilichomeka. Alirudi polepole. Aliporudi kabisa, alitambaa akaenda kulala kwa bibi yake, na siku tatu hakutaka nimsuke nywele.

5

Injinia Rweikiza alikuja Jumatatu kuchukua vifaa. Nilikuwa nimeshakunja paneli, nimefunga zipu, nimekung'uta magadi kwenye mishono. Alitia tiki kwenye fomu yake.

"Ulifanya kazi nzuri," alisema. "Ile ya ukurasa mmoja kufunikwa tumewapelekea wabunifu."

"Na yale mengine?"

"Yapi?"

"Injinia, usinichezee. Nani atafundisha masanduku elfu kumi na mbili?"

Alifunga kalamu. Aliangalia uani, akaangalia pikipiki yake.

"Zimebaki nyumba nne," alisema. "Wastani wa uhakika ni tisini na tatu. Wa kwanza kupumzishwa ni mzee."

"Nyumba zote nne?"

"Zote tano, kabla hujabadilisha. Moja iko kule pwani, moja mpakani, wala hawajuani. Kila nyumba ilikuwa na bibi, na kila bibi alijichomoa mwenyewe. Hata kengele hawakuisubiri."

"Ulijua lini?"

"Alhamisi tulikuwa na picha kamili."

"Nilikupigia Jumamosi."

"Mkataba unanikataza kumwambia mpimaji matokeo ya nyumba nyingine. Yangeweza kumshawishi." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Uliniuliza ufanye nini ili ushuke. Nikakujibu ulichouliza."

Hapo Bibi alitoka ndani. Alikuja bila mashine, anajivuta kwa ukuta, na ilimchukua muda kufika. Alisimama mbele ya Injinia.

"Baba, hebu nieleweshe," alisema. "Mimi nilimpa mjukuu wangu. Changu. Kwa mkono wangu."

"Ndiyo, bibi."

"Sasa nani kawapa ninyi ruhusa ya kutoa vya wenzangu?"

Injinia alisema kitu kuhusu takwimu. Bibi alimngojea amalize, kama anavyowangojea watoto wanaosoma vibaya kanisani.

"Haliwezi kusahau?"

"Yale mapya yataendelea kujifunza siku tisini za mwanzo," alisema, na nadhani alisema kwa huruma, pengine ndilo jambo pekee la huruma alilofanya. "Kila kengele ikilia, linatoa sekunde tisini watu wachague. Wasipochagua, linachagua lenyewe, na uhakika unapanda. Wakichagua tofauti, kwa wingi, linaweza kubadilika."

"Zahanati wataletewa?"

"Wiki ijayo."

Bibi aliitikia kwa kichwa. Alirudi ndani kwa ukuta uleule.

6

Sanduku jipya la zahanati lina soketi sita. Nesi Pendaeli alilipokea kwa furaha kwa sababu la zamani lilikuwa likizima ovyo. Siku ya kwanza tuliyopata zamu, kwenye benchi walikaa wazee watano na Tumsifu. Kati yao Bibi Damari alikuwa mkubwa kuliko wote.

Alikuwa ametumia wiki nzima kupita nyumba kwa nyumba, anapumzika kila kizingiti, akiwaambia wazee wenzake jambo ambalo hakuna aliyewahi kuwaambia. Shikeni waya zenu. Mtu asichomoe. Hata kama mnaona mtoto.

"Damari, mimi nimezoea," Mzee Gwau alimwambia pale kwenye benchi. "Mkono wangu unakwenda wenyewe."

"Ukalie."

"Nikalie mkono?"

"Kwani una kazi nao?"

Wazee walicheka, wakakohoa, wakacheka tena. Mzee Gwau aliukalia mkono. Nilikuwa nimekaa mwisho wa benchi upande wa Tumsifu. Alikuwa ameanza kuniegemea tena siku mbili hizo.

Upepo ulikuja saa nane. Kupitia dirishani niliona paneli za zahanati zikigeuka nyeupe, na nilijua hakuna wa kuzifuta kwa haraka ile. Taa zikazimika. Kengele ikalia, ile sauti ya adabu, na skrini ikaanza kuhesabu kutoka tisini.

"Nani anatoa?" Nesi Pendaeli aliuliza. Aliuliza kama anavyouliza kila siku, na kila siku mzee mmoja alikuwa akisema mimi.

Hakuna aliyesema. Wazee walitazama sakafu. Niliona aibu ikiwapanda shingoni, aibu ya kweli, kama watu walioketi kula huku mgeni amesimama. Bibi Damari alikuwa ameushika waya wake kwa mikono yote miwili, karibu na soketi, vidole vimekaza.

Sabini.

Plagi iliyobaki ilikuwa ya Tumsifu. Kama ingetoka, sanduku lingeandika tofauti. Mara moja tu, kambi moja, ila ndipo ingeanzia. Bibi aligeuza kichwa akanitazama. Sikuhitaji aniambie. Mimi ndiye niliyemweleza namna hesabu inavyokwenda. Mimi ndiye niliyefanya mara tatu nyumbani kwangu, najua dakika ya kumi na mbili inafananaje na ya kumi na tisa.

Arobaini.

Tumsifu aliona jinsi bibi yake anavyonitazama. Akaweka kiganja chake juu ya plagi yake, akakibana. Hakulia. Alinitazama tu, akinipima, na nilielewa kwamba mtoto huyu atanipima hivyo maisha yake yote.

Ishirini.

"Jamani," Nesi alisema.

Kumi.

Nilikaa. Mikono yangu ilikuwa mapajani na ilibaki mapajani. Sina maelezo mengine.

Soketi ya kwanza ilizimika. Mashine ya Bibi Damari ilishusha pumzi na kunyamaza. Kwenye skrini namba ilipanda kutoka tisini na tatu hadi tisini na nne. Bibi aliendelea kuushika waya ule usio na kitu ndani yake, wima, midomo imefungwa, anavuta kwa pua. Ilikuwa dakika arobaini na mbili. Dakika ya thelathini Mzee Gwau aliutoa mkono chini yake akafika kwenye plagi yake. Bibi alimpiga kwenye vidole, naye akaurudisha.

Bibi alizimaliza dakika zote. Nesi alisema hajawahi kuona.

Tulirudi nyumbani saa kumi na moja upepo ulipotulia. Tumsifu alitangulia mbele, anaruka mashimo. Kifua kilikuwa chepesi, alikuwa na siku nzuri. Bibi alitembea na fimbo na bega langu, tukisimama kila hatua ishirini. Midomo yake ilikuwa bado haijarudi rangi. Tangu mtoto azaliwe ameniita Mama Tumsi, na kabla hajazaliwa aliniita mwanangu; jina langu hakuwahi kulitamka.

Mlangoni aliliachia bega langu, akaushika mkono wa Tumsifu, ule uliobana plagi.

"Kesho baki nyumbani, Elisifa," alisema. "Mtoto nitampeleka mimi."